Mwanamieleka hakuvamia sinema

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nimjibu msomaji mwenzangu wa komini ya Kampemba, aliyeandika kwamba wanamieleka wa kulipwa wanaogeuka nyota wa filamu za mapigano ni watu wanaotudanganya mara mbili: kwanza walitudanganya kwamba wanapigana, na sasa wanatudanganya kwamba wanaigiza. Alimalizia kwa kuwaonya watayarishaji wa filamu wa hapa Lubumbashi wasiige jambo hilo la Marekani kwa kuwapa wapiganaji wetu wa kachi, yaani mieleka ya kulipwa ya hapa kwetu Kongo, nafasi za mbele, kwa kuwa kufanya hivyo ni kuwanyang'anya riziki vijana waliosomea maigizo. Mimi ni mwamuzi wa kachi na nimezeeka katika kazi hiyo. Kwa hiyo nina upande, na ninamwomba kila msomaji anisome akilijua hilo. Hata hivyo naona hoja ya ndugu yetu imejengwa juu ya dhana isiyo sahihi, yaani kwamba ulingo na sinema ni kazi mbili zisizojuana, na kwamba anayetoka huku kwenda kule anaingia bila hodi.

Kwamba mshindi wa pambano la mieleka ya kulipwa ya Marekani hupangwa kabla watu hawajakaa vitini si siri ya kufichuliwa leo. Mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon, iliyoitwa WWF wakati huo na ambayo sasa ni WWE, ilikiri yenyewe mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba inachouza ni burudani, na ilikiri kwa sababu za kibiashara, ili iondokane na usimamizi wa tume ya michezo pamoja na kodi zilizotozwa kwa mapambano. Tangu hapo anayesema ametapeliwa ni yule aliyependa kutapeliwa. Kisichoweza kupangwa na kampuni yoyote ni uzito wa mtu anapoanguka. Ulingo ni mbao zilizolazwa juu ya vyuma, zikafunikwa kwa sponji nyembamba na turubai. Mtu wa kilo 110 akitupwa juu yake, ni lazima awe amejifunza kubana kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, kutua kwa mgongo mzima wa juu badala ya kiuno, kupiga mikono yote miwili chini kwa wakati uleule ili kishindo kitawanyike, na kutoa pumzi kabla haijatolewa kwa nguvu. Mtazamaji wa safu ya nyuma halioni hata moja kati ya hayo. Wala haoni kwamba anayenyanyuliwa ndiye anayefanya nusu ya kazi: anaruka mwenyewe, anamshika mwenzake mahali pa kumpunguzia mzigo, kisha anaanguka kwa namna itakayowafanya watu elfu moja waamini kwamba aliyemtupa ana nguvu za kutisha. Mwamuzi naye hakuwekwa pale kwa ajili ya kuhesabu hadi tatu peke yake. Ninapoinama juu ya mtu aliyelala, ninambana kiganja, naye akiwa mzima anabana changu. Asiponijibu, pambano linaisha hata kama watu watanirushia chupa.

(Juu ya dawa za kienyeji, majeneza na nyoka ambao wapiganaji wetu huingia nao ulingoni sitaandika neno. Nimesimama karibu nao mno, na kila mtu aendelee na imani yake.)

Sasa tumchukue Dwayne Johnson, kwa kuwa ndiye ambaye ndugu yetu wa Kampemba alimtaja kwa hasira nyingi zaidi. Babu yake, Peter Maivia, alikuwa mwanamieleka. Baba yake, Rocky Johnson, vivyo hivyo. Yeye mwenyewe alicheza mpira wa miguu wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Miami kabla ya kuingia WWF mwezi wa Novemba mwaka 1996. Alipewa jina la Rocky Maivia, akavalishwa kama kijana mwema, akaambiwa atabasamu. Watazamaji walimkataa. Walimzomea, na kumbi nzima zikaimba kwamba afe. Mwaka 1997 akageuzwa kuwa mhusika mbaya, na hapo ndipo alipoanza kusoma: alijifunza kuzungumza kwa majivuno huku akijitaja kama mtu mwingine, kuikata sentensi katikati na kusubiri kelele zishuke, kupandisha unyusi mmoja badala ya kusema, na muhimu kuliko yote, kuchukua pigo la mpinzani na kulikuza mpaka likawa hadithi. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya maigizo, mbele ya maelfu ya watu, usiku baada ya usiku, bila mtu wa kusema turudie. Mwezi wa Machi mwaka 2000 aliongoza kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live huko New York, na watu wa Hollywood wakaona kwamba anaweza kuchekesha. Mwaka uliofuata alionekana kwa dakika chache katika The Mummy Returns, na mwaka 2002 akawa mwigizaji mkuu wa The Scorpion King kwa malipo ya dola milioni 5.5, kiasi ambacho rekodi za Guinness zilikitambua kuwa kikubwa kuliko chochote alichowahi kulipwa mwigizaji kwa nafasi yake ya kwanza ya uigizaji mkuu. Anayesema kwamba huyo aliokotwa kwa sababu ya mabega yake tu ameiruka miaka yote iliyotangulia.

Kama mabega yangetosha, wajenga misuli wangekuwa wengi kwenye sinema kuliko wanamieleka. Arnold Schwarzenegger alifanikiwa, ni kweli, lakini ni wangapi kati ya mabingwa wenzake wa Mr. Olympia, mashindano makubwa ya wajenga misuli, ambao msomaji anaweza kuwataja katika filamu? Mwili wa mjenga misuli umeandaliwa kutazamwa ukiwa umesimama, ilhali wa mwanamieleka umezoea kugongwa, kuburutwa, kuzimia kwa uongo na kuamka kwa shida huku uso ukisema kila kinachotokea. Filamu ya mapigano inahitaji huo wa pili. Katika Predator ya mwaka 1987 walikuwamo wote wawili, Schwarzenegger na mwanamieleka Jesse Ventura, na wote wawili walikuja kuwa magavana, mmoja wa California na mwingine wa Minnesota. Sipendekezi kwamba magavana wetu nao waanzie ulingoni, ingawa nina hakika ukumbi ungejaa.

Nikubali sasa pale ambapo ndugu yetu ana haki, maana zipo filamu za wanamieleka ambazo hata mimi nisingemshauri mtu azitafute. Mwaka 1989 Hulk Hogan, mtu maarufu kuliko wote ulingoni wakati ule, alikuwa mwigizaji mkuu wa No Holds Barred, iliyogharimiwa na upande wa WWF wenyewe, na kwa macho yangu ni tangazo refu la umaarufu wake kuliko kuwa filamu. Cha ajabu ni kilichofuata: mwigizaji Tom Lister, aliyecheza adui aitwaye Zeus, aliletwa kwenye ulingo wa kweli wa WWF mwaka uleule ili apambane na Hogan katika SummerSlam, onyesho kubwa la kampuni hiyo, na ikawa zamu ya mwigizaji kuonekana hajui pa kuweka miguu. Kampuni hiyo ilipoanzisha tawi lake la filamu mwaka 2002, ilirudia kosa la Hogan kwa sura nyingine. Katika The Marine ya mwaka 2006 John Cena anapita katikati ya milipuko mfululizo, naye anabaki vilevile tangu mwanzo hadi mwisho, kana kwamba aliyemwandikia aliogopa kumchafua. Ulingoni Cena huyohuyo alikuwa akipigwa dakika kumi na tano kabla ya kuinuka, na kuinuka kwake kulikuwa na thamani kwa sababu ya hizo dakika kumi na tano.

Linganisha na Roddy Piper. Huyu alikuwa mbaya ulingoni kwa miaka mingi, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuchukiwa na hatimaye kupigwa. Mwongozaji John Carpenter alipompa nafasi ya mbele katika They Live mwaka 1988, wakaweka ndani yake pambano la uchochoroni kati yake na Keith David linalozidi dakika tano, watu wawili wakigombania miwani ya jua. Wanapigana, wanachoka, wanaombana radhi, wanapigana tena. Hakuna anayeonekana shujaa. Ninaijua kazi ile nikiiona. Kila pigo limepokelewa na mtu anayejua kupokea, na kwa sababu hiyo maumivu yanaaminika hata pale tukio lenyewe linapochekesha.

Lakini shahidi wangu mkubwa ni Dave Bautista, ambaye ulingoni aliitwa Batista. Alianza kuonekana WWE mwaka 2002 akiwa tayari amevuka miaka thelathini, akawa bingwa wa dunia, akaondoka mwaka 2010 na kukaa miaka kadhaa akipata nafasi ndogondogo, mpaka alipochukuliwa kuwa Drax katika Guardians of the Galaxy ya mwaka 2014. Drax ni jitu lenye nguvu lisiloelewa mafumbo, na kila mzaha unaomhusu unategemea mwigizaji akubali kuchekwa bila yeye kucheka. Mwaka uliofuata alikuwa adui wa James Bond katika Spectre, ambamo katika filamu nzima anasema neno moja tu. Ni mwigizaji gani mwenye kiburi angekubali? Mwanamieleka alikubali kwa kuwa amezoea kuzungumza kwa mgongo, kwa shingo, kwa namna ya kuingia mlangoni. Kisha likaja jambo ambalo ningependa vijana wetu walitazame kuliko mapigano yote: mwanzoni mwa Blade Runner 2049, mwaka 2017, Bautista ni mkulima mpweke aliyevaa miwani midogo, anaongea kwa sauti ya chini, anajua kwamba aliyeingia nyumbani mwake amekuja kumuua. Anapigana na anakufa, na hayo yote ni dakika chache. Mtu aliyewahi kujaza viwanja aliridhika kufa mapema katika filamu ya mtu mwingine, na tangu hapo waongozaji wakubwa hawakuacha kumwita; alikuwamo katika Dune mwaka 2021, na mwaka 2023 akawa mwigizaji mkuu wa Knock at the Cabin akiwa mtu mpole anayetisha kwa sababu ya upole wake.

Hilo ndilo ninalotaka kumwambia ndugu yangu wa Kampemba. Wanamieleka waliofanikiwa katika sinema ni wale walioleta kutoka ulingoni ufundi wa kushindwa, na walioharibu ni wale walioleta mikanda yao ya ubingwa. Cena mwenyewe alianza kuheshimiwa kama mwigizaji alipoacha kulindwa na kukubali kuwa kichekesho, kuanzia Trainwreck ya mwaka 2015 hadi mfululizo wa Peacemaker mwaka 2022. Na Johnson, ambaye kwa muda mrefu alicheza watu wasiotikisika, alirudi shuleni mwaka 2025 katika The Smashing Machine, akiwa mpiganaji Mark Kerr anayeshindwa, anayelia, anayetawaliwa na dawa za kutuliza maumivu. Filamu hiyo ilimpatia mwongozaji wake, Benny Safdie, tuzo ya Simba wa Fedha katika tamasha la filamu la Venice, ingawa haikuvuta watu wengi kwenye kumbi. Simfichi msomaji hilo la pili. Watu waliomzoea kama mshindi hawakutaka kulipa ili wamwone ameanguka, na hiyo ni hatari ya kweli kwa kila anayepita njia hii.

Yapo pia mambo ambayo ulingo hufundisha na sinema hulazimika kuyafuta. Uso wa mwanamieleka umezoezwa kusomwa na mtu aliyeketi mita hamsini nyuma. Kamera iko mita moja mbele yake, na kila anachokuza huonekana kichaa. Sauti ni vivyo hivyo. Halafu mwili: ulingoni hakuna msimu wa kupumzika, ilhali filamu inasimama ikiwa nyota ameumia. Johnson alipokubali kurudi kupambana na Cena mwezi wa Aprili mwaka 2013, aliumia vibaya tumboni na kwenye paja, akafanyiwa upasuaji, na filamu ya Hercules ikalazimika kumsubiri. André the Giant, aliyependwa sana katika The Princess Bride ya mwaka 1987, alikuwa na mgongo ulioharibika kiasi kwamba hakuweza kumbeba mwigizaji wa kike bila msaada. Watu waliona jitu. Waliokuwa nyuma ya kamera walimwona mgonjwa.

Nije nyumbani. Ndugu yetu anasema kwamba hayo yote ni ya Marekani, penye pesa. Namkumbusha Mexico, ambako Rodolfo Guzmán Huerta, aliyejulikana kwa jina la El Santo na barakoa yake ya rangi ya fedha, alicheza katika filamu zaidi ya 50 kati ya mwaka 1958 na 1982, nyingi zikiwa za bei ndogo, na watayarishaji wakijaza dakika kwa kuingiza mapambano ya mieleka katikati ya hadithi. Hakuivua barakoa mbele ya kamera za sinema, na alipofariki mwaka 1984 alizikwa nayo. Namkumbusha pia India, ambako mwanamieleka Dara Singh alikuwa mwigizaji mkuu wa filamu za mapigano katika miaka ya 1960, kisha akaingia katika nyumba za mamilioni ya watu mwaka 1987 kama Hanuman, mungu mwenye sura ya nyani, katika tamthilia ya televisheni ya Ramayan. Hakuna aliyesubiri Hollywood impe ruhusa.

Na sisi tuna nini? Tuna wapiganaji ambao siku ya pambano hupita mitaani juu ya gari, fanfari, yaani bendi ya tarumbeta, ikiwatangulia, wakiwa wamejipaka rangi na kuvaa barakoa walizoshona wenyewe, hapa kwetu kama ilivyo Kinshasa kwa wapiganaji wa kachi akina Edingwe. Wapiga picha wa Ulaya wameshakuja kuwapiga picha na kuondoka nazo. Tuna pia urithi wa maigizo ambao ndugu yetu anautetea bila kuona jinsi unavyofanana na kachi. Waigizaji wa kundi la Mufwankolo, waliotuchekesha kwa Kiswahili cha mji huu katika redio na televisheni, walikuwa wakikubaliana kwanza juu ya mwendo wa hadithi, kisha maneno yenyewe yakaja papo hapo mbele ya watu. Wapiganaji wakongwe ulingoni hufanya hivyohivyo: mwisho unajulikana, katikati panajengwa kwa kusikiliza ukumbi. Kijana aliyesomea maigizo anajua kushusha sauti, kushika maandishi na kusimama anapotakiwa na kamera. Mpiganaji wa Katuba anajua kuanguka kutoka juu ya gari bila kuvunja shingo. Anayetaka kutengeneza filamu ya mapigano Lubumbashi anawahitaji wote wawili, na anawahitaji katika mazoezi ya pamoja kabla ya kukodi kamera, kwa kuwa nimeshaona picha za video ambamo mwigizaji anarusha ngumi halisi kwa hofu ya kuonekana muongo, na mwenzake anapoteza jino.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni karatasi. Mwanamieleka wetu hana mali isipokuwa mwili na jina lake la ulingoni, na watu wanaomwita kwenye filamu mara nyingi humlipa kwa chakula na ahadi. Johnson alilitumia jina la The Rock tangu mwaka 1997, lakini lilikuwa mali ya kampuni. Ni mwaka 2024 tu, alipoingia katika bodi ya TKO inayomiliki WWE, ndipo alipokabidhiwa umiliki wake. Kama mtu mwenye mawakili wa namna ile alisubiri muda wote huo, kijana wa komini ya Kenya, hapa hapa mjini kwetu, anayejulikana kwa barakoa moja atafanyaje siku mtayarishaji atakapomvalisha mtu mwingine barakoa hiyohiyo katika sehemu ya pili ya filamu? Kwa hiyo nawaomba watayarishaji watakaosoma barua hii waandike mambo matatu kabla ya kupiga picha hata moja: malipo ni kiasi gani, jina na barakoa ni za nani, na nani atalipa hospitali mtu akiumia. Na nawaomba wapiganaji wasipande juu ya paa lolote kabla hawajayasoma.

Ndugu yetu wa Kampemba aliandika kwamba hajawahi kuhudhuria kachi kwa kuwa hapendi vurugu. Mazoezi yetu hayana dawa wala majeneza, na kelele ni chache. Kama mhariri ataridhia kutuunganisha, nitamwonyesha mahali salama pa kuketi, na akitaka nitamfundisha kuanguka, maana jambo hilo halina umri.

Wako katika kazi,

Mwamuzi wa kachi,
Komini ya Katuba, Lubumbashi